Picha saba zilizokataa kushonana: kisa cha panorama juu ya paa la Shangani

Mpwa wangu alinijia jioni moja ya Januari, kompyuta kwapani na uso umemshuka. "Shikamoo mjomba. Picha zimekataa kushikana."

Alikuwa amepewa kazi na mwenye nyumba moja ya wageni pale Shangani, Mji Mkongwe wa Zanzibar. Mzee alitaka picha moja ndefu ya mandhari inayoonekana juu ya paa lake: ianzie bahari ya magharibi, ipite kisiwa cha Changuu, bandari, Forodhani na jumba la Beit el Ajaib, iishie Minara Miwili, yaani kanisa la Mtakatifu Yosefu. Ichapishwe kwa upana wa mita tatu, itundikwe ukutani mapokezi. Kijana alipanda juu saa kumi na moja jioni, akapiga picha saba kuzunguka, akarudi nyumbani akijua kompyuta itamaliza iliyobaki, yaani kuzishona ziwe picha moja pana, panorama. Kompyuta ikamtolea tangi la maji lililopasuka vipande viwili, bahari iliyopinda kama ndizi, na mbingu yenye milia kama kitambaa kilichofuliwa vibaya.

Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu makosa yake ni yale yale ninayoyaona kwa karibu kila anayeanza panorama. Tena hayakutokana na kamera. Yake ni ya kawaida kabisa: sensa (kile kipande kinachopokea picha) ya ukubwa wa wastani uitwao APS-C, megapikseli 24, na lenzi ya milimita 18 hadi 55 iliyokuja nayo dukani. Kwa kazi ya mita tatu inatosha na kubaki, kama tutakavyoona kwenye hesabu.

Tulianza na tangi, maana ndilo lililomuumiza zaidi. Alikuwa amesimama katikati ya paa, kamera mkononi, akageuka mwili mzima kama mtu anayetazama huku na huku. Mtu akigeuka hivyo, kamera haizunguki mahali pamoja. Inachora tao kuuzunguka uti wake wa mgongo, na kutoka mgongoni hadi kwenye lenzi ni kama sentimita 30. Kila alipogeuka nyuzi 30, lenzi ilihama sentimita 15 hivi kwenda pembeni. Sasa funga jicho moja, nyoosha kidole gumba mbele yako, kisha fumbua hilo na ufunge la pili. Kidole kinaruka, ukuta wa nyuma umetulia. Macho yako yameachana sentimita sita au saba tu, na kidole kimeruka kiasi hicho. Huko kuruka ndiko wanakoita paralaksi, na ndiyo adui mkubwa wa mshona picha.

Nikamkokotolea kwa namba za kamera yake mwenyewe. Kwa lenzi ya milimita 18, tangi lililokuwa mita moja na nusu kutoka kwake liliruka karibu pikseli 475 kati ya picha moja na inayofuata. Mapaa yaliyo mita 300, upande wa Minara Miwili, yaliruka pikseli mbili na kidogo. Programu ikiyashikisha mapaa, tangi linapasuka. Ikilishikisha tangi, mji mzima unahama. Hakuna kitufe cha kutibu hilo, kwa kuwa kila picha imeona kitu ambacho mwenzake hakukiona: nyuma ya tangi, picha ya tatu ina dirisha na picha ya nne ina ukuta mtupu.

"Kwa hiyo ningekuwa na stendi, mjomba?"

Stendi ingepunguza, isingemaliza. Kamera ikifungwa juu ya stendi, mhimili wa kuzungukia unapita kwenye skrubu ya chini ya kamera, ilhali panapotakiwa kuzungukiwa ni mbele zaidi, ndani ya lenzi, pale unapoliona lile tundu la mwanga ukiichungulia lenzi kwa mbele. Umbali huo ni kama sentimita nane. Ni mdogo, na kwa mandhari yasiyo na kitu cha karibu unaweza kuusahau usidhurike. Kwenye paa lenye tangi, nguzo na kamba za kuanikia, haukusahau wewe.

Makosa mengine yalikuwa mepesi zaidi, ila ni mengi.

Kamera ilikuwa kwenye otomatiki. Tukafungua maelezo ya kila faili tukaona kasi ya shata ya 1/1250 upande wa magharibi na 1/320 upande wa mji, tundu la lenzi na ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga) zikiwa zile zile. Hiyo ni tofauti ya stopu mbili, maana yake upande mmoja umepokea mwanga mara nne ya mwingine. Kamera haikukosea. Kila ilipoona jua liko karibu ilijikinga, na kila ilipoona kuta zenye kivuli ilijifungua. Ndiyo kazi yake. Ila kwa panorama hizo picha saba ni picha moja, na picha moja haiwezi kuwa na mwanga wa aina saba. Mizani ya rangi nyeupe nayo ilikuwa otomatiki, kwa hiyo bahari ikaanza ya buluu ikamalizia ya kijani.

Halafu kulikuwa na filta ya polaraiza. Ameisifu mwenyewe: "Inakoza mbingu, mjomba." Inakoza, lakini haikozi sawasawa. Filta hii hukata mwanga zaidi pale palipo nyuzi 90 kutoka kwenye jua, na athari yake hupungua kadiri unavyosogea kuliendea jua au kulikimbia. Januari jua letu liko kusini, na saa kumi na moja jioni linakuwa magharibi-kusini-magharibi. Ukihesabu nyuzi 90 kutoka hapo unaangukia kaskazini-kaskazini-magharibi, yaani Changuu. Na kweli, kwenye picha zake juu ya Changuu palikuwa na doa la buluu nzito kama wino, likififia pande zote mbili. Ukipiga fremu moja nyembamba hulioni. Ukipiga nyuzi 200 linakuwa kama kidonda. Kwa panorama pana, filta hiyo ibaki mfukoni.

Alipiga kwa kulaza kamera, kwa milimita 18. Wengi hufanya hivyo kwa kufikiri kwamba picha pana inataka lenzi pana. Nawaambia wanaoanza kinyume chake: simamisha kamera wima na uvute lenzi kidogo. Milimita 18 hutia giza kwenye pembe za kila picha, na ndiyo milia aliyoiona mbinguni. Pia hukifanya cha mbali kiwe kidogo mno, ndipo Beit el Ajaib ikawa kama kiberiti. Mapishano yake nayo hayakuwa na kipimo: picha ya kwanza na ya pili zilipandiana zaidi ya nusu, ya nne na ya tano zilipandiana kwa upana wa kidole tu, tena kidole chenyewe kilikuwa cha bahari tupu. Programu itashika nini kwenye maji?

Je, zile saba zingeweza kuokolewa? Tulijaribu, maana mzee alikuwa anasubiri na si vizuri kumwambia mtu arudie kabla hujajua kama kuna haja. Bahati nzuri alikuwa amehifadhi mafaili ghafi, yale ambayo kamera haijayapika, basi tukayasawazisha mwanga na rangi kwa mkono. Tukayafungua kwenye Hugin, programu ya bure iliyojengwa juu ya Panorama Tools, kazi aliyoianza Helmut Dersch wa Ujerumani mwaka 1998. Tukafuta nukta zote za kushikia, zile ambazo programu huzitumia kuunganisha picha mbili, zilizoshika tangi na kamba, tukaacha za mbali tu. Tukapata kipande safi cha kama nyuzi 100, kutoka bandarini hadi Minara Miwili. Changuu haimo, bahari haimo. Kijana akakitazama, akafunga kompyuta mwenyewe. "Nitarudi juu."

Kabla hajarudi tulikwenda kwa fundi wa madirisha ya alumini, Mwanakwerekwe. Kuna vichwa vya stendi vya kununua kwa kazi hii, na ni vizuri, ila bei yake si ya mtu anayeanza. Fundi alitukatia bamba la alumini akalikunja kama herufi L. Upande wa kusimama akatoboa tundu la skrubu ya robo inchi, ambayo ndiyo skrubu ya chini ya karibu kamera zote. Upande wa kulala akachana mpasuo mrefu, ili bamba liteleze mbele na nyuma juu ya stendi. Kwa hilo kamera inasimama wima, lenzi iko sawasawa juu ya mhimili, na unaweza kuivuta nyuma mpaka panapotakiwa.

Kupapata panapotakiwa ni kazi ya dakika kumi, na nakuomba uifanye mara moja kwa subira, uweke alama ya kudumu, usiirudie tena kwa lenzi hiyo. Tuliitazamisha kamera kwenye mlingoti wa kuanikia nguo, kama mita moja na nusu mbele yetu, tukaupanga na antena ya paa la mbali mpaka vikawa mstari mmoja. Kisha tukazungusha kamera ili mlingoti uje ukingo wa kushoto wa kioo, halafu ukingo wa kulia. Mara ya kwanza ukifika kushoto antena inachomoza upande mmoja wa mlingoti, ukifika kulia inachomoza upande wa pili. Tukasogeza bamba nyuma sentimita mbili, mchomozo ukapungua. Tukasogeza tena. Ilipofika kidogo zaidi ya sentimita nane antena ikatulia nyuma ya mlingoti, zungusha utakavyo. Kijana akachora mstari kwenye alumini kwa msumari na kuandika "35" pembeni, kwa kuwa alama hiyo ni ya milimita 35 pekee. Ukivuta lenzi na penyewe panahama.

Milimita 35 tuliichagua kwa hesabu. Kwa sensa yake, kamera ikisimama wima, kila fremu inaona nyuzi 25 kwa upana. Ukisogea nyuzi 15 kila mara, fremu zinapandiana asilimia 40. Wapo wanaosema 30 inatosha, na mjini inatosha. Lakini fremu zetu tano za mwanzo zilikuwa za bahari, na baharini nataka nafasi zaidi ya kutafuta pa kushika. Fremu 13 zinafikisha nyuzi 205. Kichwa cha stendi yake hakina namba, kwa hiyo tulizungushia utepe wa karatasi kwenye kitako chake na kuugawa kwa penseli mara 24. Kila mstari ni nyuzi 15.

Pikseli nazo: kwa lenzi hiyo, nyuzi 205 zinatoa picha yenye upana wa pikseli 32,000 hivi. Ukikata kingo ukabaki na 31,000 na kuzichapa kwenye mita tatu, ni kama pikseli 260 kwa inchi. Ukutani, mtu akisimama hatua moja, hakioni chochote kilichokosekana.

Siku ya pili tulipanda wote. Kitu cha kwanza nilichomfanyisha ni kuhama mahali. Badala ya kusimama katikati ya paa tulisogeza stendi mpaka kwenye ukingo na kuiinua, uzio ukabaki chini ya fremu na tangi nyuma yetu. Bamba la fundi ni zuri, lakini dawa ya kwanza ya paralaksi ni kukiondoa kitu cha karibu. Kilichobaki karibu kabisa yakawa mabati ya jirani, mita 12 mbele.

Hapo ndipo nilipotoa pima maji, ile ile ya waashi, kijana akashangaa. Kamera yake inaonyesha mstari wa usawa kwenye kioo, ya nini tena pima maji? Mstari wa kamera unakuambia kamera imekaa sawa kwa upande huo mmoja unaotazama. Kama miguu ya stendi haiko sawa, mhimili umeinama, na ukizunguka nyuzi 90 kamera inainama nayo. Ukiirekebisha kila fremu kwa mkono, upeo unakuwa wimbi: unapanda kaskazini unashuka mashariki. Ndiyo ile ndizi. Kwa hiyo kwanza unasawazisha kitako cha stendi kwa kurefusha na kufupisha miguu, pima maji ikilala upande mmoja kisha upande wa pili, halafu ndipo unasawazisha kamera juu yake. Tulitumia kama dakika saba kwa miguu mitatu, na ndizo zilizotuokoa saa nzima ya kompyuta.

Upepo wa kaskazi ulikuwa unavuma vizuri. Tukatundika mfuko wa kamera katikati ya stendi, ukiwa umegusa sakafu kidogo ili usibembee.

Tukasubiri jua lipige nyuso za majengo ya mbele ya bahari, kisha tukapima mwanga kwenye upande wa mwanga mkali, si wa mji. Ikatoka tundu f/8, shata 1/250, ISO 100. Hizo tukaziweka kwa mkono na hazikuguswa tena. Mbingu ya magharibi ikiungua haina dawa. Kivuli cha uchochoro kwenye faili ghafi unakiinua baadaye. Mizani ya rangi tukaifunga kwenye mwanga wa jua. Fokasi tukaipata kwenye mapaa ya mbali kisha tukazima otomatiki. Kizuia-mtikisiko cha lenzi tukakizima pia, kwa sababu juu ya stendi wakati mwingine kinautafuta mtikisiko ambao haupo. Shata tuliiachia kwa kipima muda cha sekunde mbili, tusiiguse kamera.

Kabla ya fremu ya kwanza alipiga picha ya kiganja chake, na baada ya ya kumi na tatu akapiga tena. Ni alama tu, ili ukifika nyumbani ujue mzunguko unaanzia wapi na kuishia wapi. Alipiga mizunguko mitatu, kila mmoja chini ya dakika moja na nusu, kutoka kushoto kwenda kulia bila kusimama kutazama kioo. Siku ya kwanza alisimama kutazama kila picha, na mashua moja ikapata muda wa kusafiri kutoka fremu ya pili hadi ya tatu. Ilitokea mara mbili kwenye picha moja, ya pili ikiwa na nusu tanga.

Wenye simu wataniuliza, na sisi je? Simu yako inashona yenyewe unapoisogeza, kwa hiyo kosa la mwili ni lile lile. Ishike wima, iweke karibu na kifua, na wewe ndiye uizunguke simu, siyo simu ikuzunguke wewe. Gusa kioo uking'ang'anie mahali penye mwanga wa wastani mpaka mwanga ufungike, kwa simu zinazoruhusu. Kisha kaa mbali na nguzo.

Nyumbani tulisafisha fremu zote 13 za mzunguko wa tatu kwa mipangilio ile ile, sawasawa, bila kuipendelea hata moja, tukazitoa kama TIFF za biti 16, aina ya faili isiyopoteza rangi. Hugin ikatafuta nukta za kushikia, yaani alama ndogo zinazoonekana katika picha mbili, kona ya dirisha, ncha ya bati, na kuzifunga pamoja kama mtu anayepiga bandi kabla ya kushona. Wastani wa kosa ukatoka pikseli nne na zaidi. Kijana akakata tamaa kabla ya wakati. Tulipozikagua nukta moja moja tukakuta nyingi mbaya ziko juu ya mawimbi na mawingu. Wimbi linahama, wingu linahama. Nukta iliyoshika wimbi ni shahidi wa uongo. Tukazifuta zote, tukaongeza chache kwa mkono kwenye ukingo wa Changuu na kwenye boti zilizotia nanga mbali. Kosa likashuka chini ya pikseli moja.

Ili mji usimame wima tuliweka nukta za mstari wima kwenye pembe za nyumba na kwenye minara ya kanisa. Ni timazi ya kwenye kompyuta. Makadirio, yaani namna ya kuikunjua picha ya mzunguko iwe bapa, tukachagua ya silinda, maana yale ya kunyoosha kila mstari huanza kuvuta kingo kama mpira ukishapita nyuzi 120 hivi. Silinda nayo ina bei yake: ukuta mrefu ulionyooka kando ya bahari utaonekana umejikunja kidogo. Nilimwonyesha mwenye nyumba mapema ili asije akadhani tumekosea, akaridhika.

Mashua ilikuwepo tena, mara hii kati ya fremu ya nne na ya tano. Tukachora barakoa, yaani eneo la kuficha, juu yake kwenye ya tano, programu ikaichukua nzima kutoka ya nne, na tanga likatoka limejaa upepo.

Palibaki jambo moja ambalo nililisimamia mwenyewe. Ninayo panorama ya mbele ya mji niliyoipiga kabla ya tarehe 25 Desemba 2020, siku Beit el Ajaib ilipoporomoka sehemu ya mbele pamoja na mnara wake wa saa. Jengo lilikuwa limesimama tangu 1883. Wakati naipiga niliona lipo tu, kama bahari ilivyo, na sikuangalia mshono unapita wapi. Unapita katikati ya mnara. Ukiikuza picha, saa ina ukingo mara mbili, kama inayoonekana na mtu mwenye homa. Fremu mbili ghafi zake sikuzihifadhi, nilibaki na ile iliyokwisha kushonwa, na mnara ule siwezi kurudi kuupiga.

Basi tulizikagua nafasi zote kumi na mbili za mishono, picha ikiwa imekuzwa asilimia mia, kutoka kushoto hadi kulia. Mmoja ulikuwa umepita kwenye ubavu wa Beit el Ajaib. Tulichora barakoa kwenye fremu ya tisa na ya kumi na moja, jengo lote, pamoja na jeraha lake, likatoka ndani ya fremu ya kumi peke yake. Fremu zote ghafi kijana amezinakili kwenye diski mbili, moja iko kwangu. Mshono ulio karibu zaidi na jengo sasa unapita kwenye majani ya miti ya Forodhani, na mimi niliyeuweka pale huutafuta kwa kidole.